Ugumu Mmoja kwa Siku

Ninyi mnaokalia kiti cha kushoto sasa, kiti cha mwalimu wa udereva, nianze na ile pedeli ya pili iliyo chini ya miguu yenu. Ile ya breki, anayowekewa mwalimu ili aokoe roho za watu. Msiipende sana. Mimi niliipenda, na ilinidanganya kwa miaka.

Nilifundisha udereva hapa Kahama tangu nikiwa binti hadi mgongo ulipokataa. Ukikaa umejipinda kutazama nyuma miaka yote hiyo, siku moja unainama kufunga kiatu na hunyanyuki. Arobaini sijafika, lakini vijana wa bajaji mtaani kwetu wananiita mstaafu. Wakipita wananipigia honi: "Shikamoo mstaafu!" Naitikia marahaba. Nifanyeje?

Kabla sijaenda mbali, mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafunga mlango, natembea kidogo, narudi kuuvuta nione kama umefungwa kweli. Kuendesha gari hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mwosha magari, na pale tulipooshea palikuwa pembamba mno. Wateja waliacha funguo wakaenda kunywa chai, na gari la ndani likimalizika, yote ya nje lazima yasogezwe. Basi nikawa nasogeza. Mbele kidogo, nyuma kidogo, kati ya ukuta na gari la tajiri. Nilijua rivasi kabla sijajua gia ya pili. Na kwa kuwa sikufundishwa, kila asubuhi niliamka nikiamini kwamba leo ndiyo siku watakayogundua sijui kitu. Mtu wa namna hiyo akipewa wanafunzi, hataki wakosee hata mara moja. Mwanafunzi akigonga tairi la mazoezi, mimi nilijisikia kama nimevuliwa nguo barabarani.

Sasa hiyo pedeli. Nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Juma, muuza vipuri vya pikipiki, na kwa muda nilimhesabu kuwa bora kuliko wote. Ng'ombe wakikatiza barabara, anapunguza mwendo taratibu kama amebeba bwana harusi. Nilimsifia kila mahali. Siku alipoazima gari la shemeji yake, alitoka nalo getini akaenda moja kwa moja hadi kwenye magodoro yaliyopangwa nje ya duka. Hakuumia mtu. Akanijia na malalamiko.

"Mwalimu, gari la shemeji breki zake mbovu. La kwetu ukifikiria tu kusimama, linasimama."

Ukifikiria tu! Yeye ndiye aliyekuwa akifikiria, na mimi ndiye niliyekuwa nikikanyaga. Mguu wangu ulimwahi kila mara, nusu ya pumzi kabla yake, na wala sikujua kwamba nafanya hivyo. Nilidhani namwondolea kosa. Kumbe kule kuchelewa kidogo, kule moyo kuruka na gari kukaribia mkia wa ng'ombe, ndiko kungemfundisha mguu wake kazi.

Mngetegemea baada ya magodoro yale ningekuwa nimeelewa. Sikuelewa. Nilielewa habari ya pedeli tu. Habari nyingine kubwa zaidi ilikuwa imekaa mbele ya macho yangu, nyekundu, ndefu kunizidi, na nikawa nawafundisha watu kuitazama.

Mwenye chuo chetu alikuwa Mzee Masanja. Enzi zake aliendesha malori ya pamba kutoka vijijini kwenda Shinyanga mjini, akatoka huko na tumbo linalogusa usukani na upole ambao sijauona kwa dereva mwingine. Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa nje kidogo ya mji, ukipakana na majaruba ya mpunga. Tulipanga matairi yaliyochakaa yakawa kama mlango wa banda, na mwanafunzi wa malori alitakiwa aliingize Fuso letu humo kwa kurudi nyuma. Hapo ndipo watu wazima hulowa mashati. Lakini Mzee Masanja alikuwa na dawa. Nyuma ya uwanja palikuwa na kichuguu kikubwa.

"Msijisumbue na mahesabu," aliwaambia wanafunzi. "Kichuguu kikiingia kwenye kona ya kioo cha kulia, kata usukani wote. Kikitoka, nyoosha. Kwisha habari."

Na kweli ilikuwa kwisha habari. Mtu aliyekuja hajui mlango wa lori unafunguliwa wapi, baada ya siku chache tu anarudi nyuma kama lori amelirithi. Mtihani wa leseni ulifanyikia uwanjani hapohapo, kichuguu kikiwa palepale, na wanafunzi wetu walifaulu mpaka sifa zikafika Buseresere. Mimi nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo. Hakuna aliyegonga tairi. Kila kitu laini. Jioni nilifunga mlango mara moja tu na kwenda zangu.

Huko Buseresere ndiko alikotoka Mama Neema. Alikuwa akiwapikia wachimbaji wadogo, ugali na samaki, na moshi wa kuni ulikuwa umeanza kumla kifua. Akasikia kwamba mkandarasi mmoja wa mgodini anatafuta madereva wa boza, yale malori ya maji yanayomwagilia barabara za mgodi ili vumbi litulie, na kwamba wanawake wanakaribishwa. Akamwachia mdogo wake banda la chakula, akaja Kahama kukaa kwa binamu yake, akajiandikisha kwetu. Alinizidi umri kwa mbali, na hilo nalo lina shida yake. Umeshamwamkia mtu shikamoo kwa heshima zote, halafu muda si mrefu unatakiwa umwambie, "Mama, umeegemeza mguu kwenye klachi."

Alijifunza kwa kichuguu, akafaulu kwa kichuguu, akapata leseni. Tulimpigia makofi. Kisha akaenda kufanya mtihani wa mkandarasi mwenyewe, kule upande wa Geita, akarudi siku ya pili na mkoba wake kwapani.

"Ilikuwaje, mama?" nikamwuliza.

"Nilitafuta kichuguu."

"Kichuguu gani?"

"Si hicho chenu! Nimeangalia kioo cha kulia, hakuna. Cha kushoto, hakuna. Mwalimu, kule wamesawazisha kila kitu, ardhi yote kama sinia. Nikasimama katikati nikamwuliza msimamizi, mkuu, ninyi hapa mnakata usukani mkiona nini?"

Mzee Masanja alicheka mpaka akatafuta leso. Mama Neema hakucheka. Alisema msimamizi amempa nafasi moja tu ya kurudia, wiki chache mbele, na akishindwa tena asirudi.

"Banda nimeshamkabidhi mdogo wangu," alisema. "Neema shuleni ameshawatangazia wenzake kuwa mama yake anaendesha lori la mgodini. Nikirudi Buseresere nitakuwa nani pale? Mwosha sufuria wa mdogo wangu?"

Leso ya Mzee Masanja ikarudi mfukoni. Mimi chakula cha mchana kilinishinda. Nilikuwa najiuliza swali moja: kama hajui kurudi nyuma, alifaulu nini pale uwanjani? Na wale wengine wote waliofaulu, walifaulu nini? Tulikuwa tumewapa kazi rahisi sana, wakaifanya vizuri sana, na wao na sisi tukadhani huko ndiko kujua.

Vijana, hapa sikilizeni vizuri, maana kosa lililofuata ndilo mtakalolifanya mkishaelewa hilo la kwanza. Nilirukia upande wa pili. Nilijisemea, kama urahisi umetuponza, basi ugumu wote uje leo. Nikampeleka Mama Neema na Fuso mjini siku ya gulio, kwenye mashine za mpunga, mahali ambapo malori, matela ya ng'ombe na bajaji hugombania kipande kimoja cha barabara. Nikamwambia arudi nyuma aingie kwenye uchochoro wa ghala. Fuso lile halikuwa na breki ya mwalimu, kwa hiyo nikatumia mdomo.

"Kulia, mama! Kulia zaidi! Tazama tela! Siyo hivyo, nyoosha! Umeona bajaji? Mama, bajaji!"

Mpakiaji mmoja aliyekaa juu ya magunia akapaza sauti, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, likikushinda tuletee sisi tulisukume!" Wenzake wakaangua kicheko. Nyuma honi zikaanza. Nikaongeza sauti.

Mama Neema akazima gari. Akavuta handibreki, akachomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani kwa utaratibu kabisa, akafungua mlango na kushuka. Nilimwona akivuka barabara, akaenda kuketi pamoja na akina mama wanaouza nyanya, akakaribishwa kigoda. Lori lilikuwa limekaa mshazari, limefunga njia nzima. Ilinibidi nilitoe mwenyewe, huku yule wa magunia akinishauri.

Nilipomfuata kwenye nyanya, nilimkuta anatazama mikono yake.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka. Sikuwa nimebaki na akili hata kidogo. Ulikuwa unasema kulia, nikawa najiuliza kulia ni mkono upi. Mimi, mtu mzima. Mkono ninaolia ugali!"

Jioni nilimweleza Mzee Masanja. Hakunikaripia. Alikaa akijipepea kwa kofia yake, kisha akasema, "Doto, sisi tulimlisha uji. Leo wewe umemletea ng'ombe mzima na pembe zake."

Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana lilishanitokea. Nilipofanya mtihani wangu wa maandishi wa leseni, alama na sheria za barabarani zote nilikuwa nazo kichwani kama nyimbo. Lakini kwa ile tabia yangu ya kutaka kila kitu kikamilike kwa mpangilio, niliapa siendi swali la pili kabla ya kumaliza la kwanza. La kwanza lilikuwa la mzunguko wa barabara, magari yametoka pande zote, nani apite kwanza. Nikakwama. Nikalichora, nikalifuta, nikalichora. Nikaanza kuwaza kwamba kama hili silijui, basi sijui lolote. Nilipofika kwenye maswali rahisi, yale ambayo hata mtoto anayevuka barabara angeyajibu, kichwa kilishajaa moshi. Nilisoma "alama hii ina maana gani" nikaona kama imeandikwa kwa lugha ya ugenini. Nilifaulu kwa kuponea chupuchupu, nikaenda nyumbani nikalia kama niliyefeli.

Kazi ikizidi uwezo wa mtu kwa mbali, hafikiri tena, anapambana tu na hofu yake. Ikiwa chini ya uwezo wake kwa mbali, hafikiri pia, kwa kuwa hakuna kinachomlazimu. Mahali pa kujifunzia pako katikati, ni padogo, na panahama kila siku, kwa sababu kilichokuwa kigumu jana leo si kigumu tena. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa udereva, kupatafuta hapo palipohamia. Gia na klachi hata binamu wa mtu anaweza kumwonyesha.

Nikamwomba Mama Neema arudi uwanjani. Nikamwahidi jambo moja, kwamba kila siku nitabadilisha kitu kimoja tu. Ugumu mmoja kwa siku. Siku ya kwanza nilihamisha matairi upande wa pili, kichuguu kikawa mbele yetu, hakionekani tena kwenye vioo. Mengine yote nikayaacha kama alivyoyazoea. Alihangaika, akagonga matairi, akayagonga tena, akaingia. Siku iliyofuata matairi palepale, lakini aje kwa upande wa kushoto. Baadaye nikabana mlango. Baadaye, mvua iliponyesha, tukaenda kwenye tope. Na sikumwacha afanye rivasi mfululizo mpaka mkono uzoee. Nilimtoa kwenye rivasi tukapanda mwinuko wa barabara ya Geita, asimamishe lori katikati ya mlima na kuliondoa bila kurudi nyuma, kisha tukarudi kwenye rivasi akiwa ameshaisahau kidogo.

Hakupenda.

"Mwalimu, mbona jana nilijua na leo sijui? Tulivyokuwa na kichuguu nilikuwa najua."

"Vumilia, mama."

"Navumilia, lakini naona narudi nyuma."

"Si ndiyo tunachojifunza?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaegemea usukani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudi kutoka Geita.

Hili mlikumbuke, kwa sababu wanafunzi wenu watalalamika hivyohivyo na mtashawishika kuwarudisha kwenye ulaini. Mtu anapojifunza kweli, mara nyingi anajiona mjinga. Anapozungushwa palepale panapomfurahisha, anajiona bingwa. Mkiwauliza wanaendeleaje, watawajibu kinyume.

Shida iliyobaki ilikuwa mimi. Kukaa kimya namwona mtu anaelekea kwenye kosa ni mateso kwangu mpaka leo. Nikaona nitafune karanga ili mdomo uwe na shughuli. Ilienda vizuri sana, nikajipongeza, mpaka Mama Neema aliponiambia, "Karanga zako zinanisaidia, mwalimu. Ukianza kutafuna haraka najua nakaribia kugonga."

Nimekuwa kichuguu! Nilishuka kwenye lori siku hiyohiyo. Tangu hapo nilikaa kwenye tuta la jaruba, nimempa mgongo, natazama mpunga. Nikisikia tairi limegongwa, nakaza meno. Sigeuki. Mzee Masanja alipita mara moja na baiskeli akanikuta hivyo. "Unaogopa?" akauliza. Nikamwambia naogopa sana. "Haya, ogopa hukuhuku," akasema, akaendelea na safari yake.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Kwanza ulikuwa wa maandishi, habari za usalama, na nilikuwa nimemwambia aanze na anayoyajua ili akili ipate joto, magumu ayarudie baadaye. Akatoka amekunja uso lakini macho yametulia. "Mengine nimebahatisha," alisema, "ila rahisi yote nimeyaokota." Kisha wakatuambia sisi wasindikizaji tukae nje ya uzio wa waya, na wao wakapelekwa kwenye boza.

Nilimsikia msimamizi akiwaeleza watahiniwa kwamba tangi lina maji nusu.

Maji. Fuso letu halikuwahi kubeba kitu. Nilimfundisha kulia, kushoto, mlima, tope, uchochoro, na siku zote lori likiwa tupu. Mtu anayejua atakwambia tangi la nusu ndilo baya kuliko lililojaa, maana maji yana nafasi ya kukimbia. Mimi sikujua. Niliyaona kwa macho pale kwenye uzio. Mama Neema aliondoka vizuri, akafika kwenye mstari, akafunga breki, lori likasimama, halafu maji yakafika mbele yakalisukuma likaruka kama limepigwa teke. Kichwa chake kikaenda mbele kikarudi.

"Eh! Mama, maji yanakuendesha!" akasema mmoja wa vijana waliokuwa wanasubiri zamu.

"Mpeni ndoo ayapunguze," akasema mwingine.

Nilishika waya wa uzio kwa mikono yote miwili. Nilijua kinachofuata. Atazima. Atachomoa ufunguo.

Hakuzima. Alikaa kidogo. Kisha akalisogeza lori mbele kidogo tu, akafunga breki. Likaruka. Akasogea tena, akafunga breki kwa mguu mwepesi zaidi. Likayumba, halikuruka. Akasogea tena, safari hii akaanza kupunguza mwendo mapema, na lori likatua. Vijana hawakuelewa anafanya nini, wakaendelea kucheka. Msimamizi alikuwa amekunja mikono. Ndipo Mama Neema akaingiza rivasi, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaanza kurudi polepole kuelekea chini ya bomba la kujazia maji, huku akiyasubiri maji kila alipopunguza mwendo, kama mtu anayetembea na mzee. Akaingia. Hakugusa nguzo upande wowote. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Msimamizi alimwendea dirishani. Tulikuwa karibu, nilisikia.

"Mama, pale mwanzo ulikuwa unafanya nini? Mbona ulikuwa unaenda na kusimama, unaenda na kusimama?"

"Nilikuwa najifunza maji, mkuu. Hatukuwa tunafahamiana."

Msimamizi alitikisa kichwa, nikadhani ni vibaya. Kisha akamwambia aje Jumatatu, aje amevaa viatu vya kufunika vidole, atapewa vya mgodini vikipatikana saizi yake.

Alitoka getini anatembea haraka, kitenge kinaburuza vumbi, akanishika mkono akanivuta mpaka tulipofika barabarani. Hapo akasimama.

"Mwalimu, mbona hukuniambia kuhusu maji?"

Ningeweza kutunga jibu. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa siku ambayo mtu angeniuliza swali la namna hiyo.

"Sikujua, mama," nikamwambia. "Sijawahi kuendesha boza. Sikujua kabisa."

Akapangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Afadhali," akasema. "Ungejua, ungeniambia."